Vipande vya Kiganja

Kosa la Nanjala lilianza na kicheko, na kicheko chenyewe kilimtoka bila ruhusa, Jumamosi, katikati ya msongamano wa soko kuu la Nairobi.

Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi linakata, alikuwa akibishana na muuza mitumba juu ya koti la mvua lililochanika. Mikono hataki, alisema. Anataka mgongo tu.

"Ni mtu gani huyo ana mgongo bila mikono?" Nanjala akauliza.

"Si mtu, dada. Ni Landrova yangu. Dashibodi imechakaa, sponji iko nje kama matumbo ya mbuzi."

"Koti hilo likipigwa na jua wiki moja litapasuka. Hapo panataka reksini, ile ngozi ya bandia."

"Reksini ni ya wenye pesa. Na wewe unajua nini mambo ya magari?"

"Nashona viti vyake River Road, kwa Bwana Lalji."

Kijana akavitazama vidole vyake vilivyochomwachomwa na sindano. "Basi Mungu amenijibu kabla sijapiga magoti. Naitwa Nashon Odero."

"Nanjala."

"Hilo jina la njaa. Kwangu utashiba."

"Na matumbo ya gari yako yakiwa nje? Utanishibisha nini?"

Nashon alikuwa fundi wa magari Kilimani. Landrova aliinunua ikiwa mzoga, mali ya mkulima mmoja aliyeiangusha mtaroni, akaifufua kwa mwaka mzima. Ilibaki dashibodi tu. Mchungaji wa Riruta alikuwa amemwambia wazi: gari likipendeza ndani, maharusi wote wa kanisa atawabeba yeye.

Tangu siku ile, simu ya dukani ikawa inalia kila siku saa nne asubuhi. Aliyeipokea ni Mzee Kilonzo, mkata reksini.

"Nanjala! Yule mgonjwa wako wa Landrova. Anasema hali ni mbaya, dawa ni sauti yako."

Nanjala alikuwa akiinuka huku ameinamisha uso, gauni lake la maua likinasa kwenye mguu wa cherehani.

"Umelalaje, kipenzi?" Nashon angeuliza.

"Kwa ubavu. Sema upesi, tajiri anakuja."

Duka lile lilikuwa na desturi yake. Kipande kilichobaki, kikifunikwa chote na kiganja cha Mzee Kilonzo, ni cha mshonaji. Kikizidi kiganja, kinarudi rafuni. Bwana Lalji mwenyewe aliiheshimu desturi hiyo. Kwa majuma mawili Nanjala alikusanya vipande vya dashibodi ya Nashon akapata sita, kila kimoja na rangi yake. Dashibodi ilitaka zaidi ya thelathini.

Basi mchana mmoja, Mzee Kilonzo alipotoka kwenda kula na kusahau kufunga rafu, Nanjala alilikunjua jora la reksini ya zambarau, akakata yadi nzima. Kisha yadi ile akaikatakata, viganja, viganja. Kila kipande kilikuwa kidogo kama desturi inavyotaka. Kwa hiyo ni vyangu, alijiambia. Lakini aliviingiza kapuni macho yakiwa mlangoni.

Jumapili walilisukuma gari kivulini huko Riruta. Wakakwangua sponji iliyooza, wakapiga msasa kutu, wakasafisha vioo vya saa za mwendo na mafuta kwa jivu na ndimu, wakaweka pamba ya godoro kuukuu, ndipo wakaivisha dashibodi ile kazi ya Nanjala, vipande vimeungwa kwa mishono midogo kama mbegu za ufuta.

Nashon aliipapasa. "Hii si dashibodi, mama. Hiki ni kitanda cha malkia."

Nanjala alicheka kidogo, akaanza kukusanya sindano zake.

Jumatatu Bwana Lalji alipima jora. Yadi haipo. Mwenye ufunguo wa rafu alikuwa mmoja tu.

"Miaka kumi na mmoja, Kilonzo," tajiri alisema. "Kumi na mmoja!"

Mzee hakujitetea sana. Aliufunga mkasi wake kwenye gazeti, akapita karibu na cherehani. "Mwanangu, usiache sindano zishike kutu," akamwambia Nanjala, akaenda zake. Nanjala hakuinua macho.

Saa nne simu ililia. Tajiri aliipokea, akamkabidhi bila utani.

"Usinipigie tena," Nanjala alisema.

"Nimekosa nini, kipenzi?"

Akaiweka chini.

Majuma matatu yakapita hivyo. Akiiona Landrova barabarani alijificha nyuma ya watu. Chakula kilikuwa kinamwangalia tu. Mwishowe Nashon akafika mlangoni kwake, tai ya buluu shingoni, macho mekundu.

"Niambie ni nani. Karani? Askari? Nataka jina tu."

"Ni Kilonzo."

"Yule mzee wa simu!"

"Ngoja, Nashon, si hivyo." Akamweleza yote: jora, mkasi, viganja, na mzee aliyefukuzwa kwa ajili yake.

Nashon aliketi kizingitini. "Maharusi wanne nimewabeba," akasema, "juu ya machozi ya mzee wa watu."

"Hukunituma. Usiubebe mzigo wangu."

"Reksini najua bei yake, Nanjala. Sikukuuliza, kwa sababu ilinipendeza." Akainua uso. "Ukienda kusema, wanaweza kukufunga."

"Najua. Twende kesho."

Asubuhi walilipeleka gari River Road, Nanjala akakiri, na Bwana Lalji akaingia garini, akaweka kiganja chake juu ya kipande kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Akaelewa.

"Umeshona vizuri kuliko nilivyokufundisha," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa zaidi ya yadi. Polisi hakuwaita. Reksini ilibanduliwa palepale, Nanjala akafukuzwa, na mzee akaitwa arudi.

Mzee alirudi kazini. Nanjala alikwenda kumwomba radhi mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mara alimwamkia "Shikamoo", na kila mara mzee alipita kama anayeupita mti.

Dashibodi wakaipaka rangi ya kijani, mabaki ya rangi ya lango la Mzungu mmoja wa Kilimani. Haikuwa nzuri. Mchungaji aliitazama, akampa mtu mwingine harusi zake. Siku hiyo ndiyo Nashon aliyoichagua kusema, "Desemba nataka kwenda kwenu Bungoma kwa wazee."

"Unataka kuoa mwizi?"

"Nataka kuoa mtu aliyejipeleka mwenyewe mchana kweupe."

Nanjala alikubali, lakini furaha yenyewe ilikuwa na mwiba ndani.

Jioni moja mvua kubwa iliwakuta barabara ya Ngong. Mzee Kilonzo alikuwa amesimama kando, gunia kichwani. Nashon akasimamisha gari. Mzee aliwatazama kitambo, akapanda nyuma, wakaenda mpaka Riruta. Aliposhuka alizunguka upande wa Nanjala, maji yakimtiririka ndevuni.

"Mwambie mwenzako breki zinalia."

"Nitamwambia, mzee."

Akaishia nyuma ya ua wa michongoma.

"Lakini breki zangu hazilii," Nashon akasema.

"Najua," Nanjala akajibu, "lakini leo amenisemesha." Akaufunika uso kwa leso, akalia.