Mkono wa Kupimia Presha

Wakati ule, kila nikirudi kutoka shule, kabla hata sijavua viatu, dada ananikalisha kitini. Ananifunga mkanda wa presha mkononi, anasikiliza, anaandika. Mimi natakiwa ninyamaze, na hapo ndipo kazi ilipo, maana nyumbani wananiita Kasuku, na si bure.

Dada alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha uuguzi. Huko hujifunza wawili wawili: unampima mwenzako, naye anakupima, kisha kila mmoja anatia sahihi kwenye daftari la mwenziwe.

"Kwani mwenzako hana mkono?" nilimuuliza.

"Tulia bwana, unanipotezea hesabu."

Siku moja nilichungulia lile daftari. Sahihi ishirini na mbili, zote mwandiko wake mwenyewe!

"Dada! Unawadanganya walimu?"

Alikaa kitandani na sare yake. "Wa rangi yetu darasani ni mimi tu. Niliyepangiwa naye siku ya kwanza alisema mikono yangu inanuka. Wakacheka, wakavuta viti. Tangu hapo hakuna anayetaka nimguse." Akanishika bega. "Usimwambie mama. Atalia, na mimi sina nguvu ya kumbembeleza."

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na linaniuma mpaka leo. Dada aliacha kula. Asubuhi alikuwa anavaa sare na kumuaga mama. Mama akishatoka, anarudi kulala. Halafu nikamkuta bafuni akisugua mikono kwa brashi ya kufulia mpaka inatoka damu.

"Hebu nusa," aliniambia. "Bado inanuka?"

Niliogopa kwelikweli. Nikatoka mbio hadi kibandani kwa mama, fundi cherehani, nikamwambia yote. Mama aliacha nguo ya watu chini ya sindano, akanifuata.

Kesho yake alikwenda chuoni na dada.

"Mbona mwanao hakusema?" mkuu wa chuo aliuliza.

"Wanafunzi arobaini waliona, na mwalimu wao aliona," mama akajibu. "Mbona hao hukuwauliza?"

Aliyetukana alipewa onyo la maandishi, na mwalimu akaamriwa kuwapanga wanafunzi wawili wawili yeye mwenyewe na kusimamia. Dada naye alirudia vipimo vyote ishirini na viwili, maana uwongo ni uwongo. Kila wiki anamwona mshauri wa afya ya akili. Sasa anakula. Ila mwenzake mpya hunyoosha mkono huku akitazama ukutani.

"Ningekuwa mimi, ningeubana mkanda mpaka alie!" nilisema.

"Hapo angekuwa amekushinda," mama alisema. "Wewe nisikilize. Siri inayomla mtu haifichwi. Unamwambia mkubwa siku ileile. Akili huumwa kama tumbo linavyoumwa, na hutibiwa. Na ukiona mtu ametengwa, usisubiri mpaka aseme. Nenda ukakae naye."

Sikuweza kumtazama usoni. Darasani kwetu kuna msichana aliyehamia kutoka mbali, tunamcheka kwa jinsi anavyotamka maneno. Jina la kumdhihaki nilimpa mimi.

Asubuhi nilikwenda kukaa kwenye dawati lake. Alikumbatia begi lake, akasogea mpaka ukingoni, akingoja nianze kumcheka.