Breki ya Mbele

Kila asubuhi Chrispine huipangusa pikipiki yake kwa kitambaa. Mke wake Lorine, fundi wa nguo hapa Sindo, huanza kushona kabla jua halijawaka. Binti yao Beverly, mwenye umri wa miaka tisa, hunywa uji akiwa amesimama. Kisha hupanda nyuma ya baba yake, naye humpeleka shule kabla ya kwenda steji kutafuta abiria. Shule iko kilomita nne kutoka nyumbani, kwenye barabara ya Kisegi.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka Jumanne moja.

Siku hiyo ng'ombe alichomoka kwenye ua wa katani, pale mteremkoni. Chrispine alikanyaga breki ya nyuma kwa nguvu zake zote. Gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka, likateleza kando, na pikipiki ikalala chini. Chrispine alichubuka goti. Beverly alirushwa mtaroni, akavunjika mkono wa kushoto. Ng'ombe akaendelea kula majani.

Mkono ulikaa kwenye plasta wiki sita, ukapona. Lakini siku ya kurudi shule, Beverly alisimama mbali na pikipiki.

"Panda twende," Chrispine alimwambia.

"Nitatembea."

"Ni mbali, nyathina, mwanangu."

"Nitatembea, Baba."

Akatembea. Chrispine alimfuata na pikipiki, polepole. Ilimyumbisha huku na huku. Kila hatua chache alilazimika kushusha miguu ili asianguke.

"Omera, ndugu yangu, abiria amekushinda mbio?" mtu mmoja alimpigia kelele. Watu wakacheka. Beverly hakugeuka. Siku ya tatu alisema, "Baba, usinifuate. Wananicheka."

Chrispine alirudi nyumbani. Aliketi bila kuvua helmeti.

"Mtoto ananiogopa," alimwambia mkewe.

"Hakuogopi wewe," Lorine alisema. "Anaogopa vile unaendesha. Hata mimi."

"Nimeendesha miaka sita!"

"Nani alikufundisha?"

"Frankline wa steji."

"Siku ngapi?"

Chrispine alitazama ukuta. "Mchana mmoja."

"Mimi nilijifunza cherehani miezi mitatu," Lorine alisema. "Na cherehani haiendi popote."

Wiki hiyo Elkanah, mwenyekiti wa steji, aliwaita waendeshaji wote. Alisema kuna mwalimu wa pikipiki anakuja. Atafundisha Jumapili mbili, baada ya kanisa, kwenye uwanja wa mnada wa mifugo.

"Tufundishwe pikipiki?" Frankline alicheka. "Si tufundishwe pia kutembea!"

Chrispine naye hakutaka. "Nitakosa abiria," alimwambia Lorine.

"Umeshakosa mmoja," Lorine akajibu. "Utaenda."

Akaenda.

Waendeshaji kumi na sita walikuta mwanamke mfupi mwenye buti, glavu na jaketi nene. Alikuwa akichora mistari ya majivu ardhini. Jina lake lilikuwa Bosibori.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii," Frankline alimwita, "umekuja kutupikia?"

"Ndiyo," Bosibori alisema bila kuinua kichwa. "Leo chakula ni vumbi."

Aliwaonyesha mistari miwili, hatua ishirini kutoka mmoja hadi mwingine. "Haya ni mashindano," alisema. "Mshindi ni yule atakayefika wa mwisho. Mguu ukigusa chini, umetoka."

Walicheka. Kisha wakajaribu. Frankline alienda hatua nne, akashusha mguu. Chrispine alienda sita. Hakuna hata mmoja aliyefika kumi.

Bosibori akawasha pikipiki yake.

Ilianza kusogea kama kivuli kinavyosogea ukutani. Ukiitazama, huoni ikienda. Injini ilinguruma sauti moja tu. Kidevu chake kilikuwa juu, macho yakitazama mbali ng'ambo ya uwanja. Mkono ulishika klachi nusu nusu, na mguu wa kulia uligusa breki ya nyuma kidogo sana. Kuku mmoja aliingia mbele yake. Akadonoa, akakuna, akadonoa tena, akapita. Bosibori bado alikuwa katikati ya mistari. Miguu yake haikushuka.

Elkanah alivua kofia yake. Hakuna aliyemwambia avue.

Mwishowe Bosibori alivuka mstari wa pili.

"Rudia, mwalimu," Frankline alisema kwa sauti ndogo.

"Kwenda kasi si kazi," Bosibori alisema. "Mafuta ndiyo yanakimbia, si wewe. Ukiweza kwenda polepole, hapo ndipo wewe unaendesha. Sasa niambieni. Nani anatumia breki ya mbele?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Hiyo inaua, mwalimu," Frankline alisema. "Ukiishika unaruka kama chura. Kijana akinunua pikipiki, kitu cha kwanza tunamfungulia hiyo breki."

Bosibori alipita akikagua pikipiki moja moja. Pikipiki kumi na moja zilikuwa na waya wa breki ya mbele uliofunguliwa. Kwenye pikipiki ya Chrispine, mkono wa breki ulikuwa na ndoano.

"Hii ni ya nini?"

"Ya kutundika samaki wa wateja, mwalimu."

Wenzake walicheka. Bosibori hakucheka.

"Ukikimbia halafu usimame ghafla, mwili wako unaenda wapi?"

"Mbele," Chrispine alijibu.

"Pikipiki nayo ni hivyo hivyo. Uzito wote unaenda mbele. Gurudumu la mbele linashika ardhi kwa nguvu. La nyuma linakuwa jepesi, ndiyo maana linateleza. Mmefungua breki yenye nguvu, mkabaki na ile dhaifu."

"Lakini mimi nimeona mtu akipinduliwa kwa macho yangu."

"Aliinyakua. Wewe unakamua ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Ukinyakua chuchu?"

"Anakupiga teke."

"Basi breki ni kama huyo ng'ombe. Bana taratibu kwa vidole, kisha ongeza. Tumia breki zote mbili pamoja. Pikipiki iwe wima, usukani umenyooka. Kona ikija, punguza mwendo kabla hujaingia. Kwenye changarawe au matope, mkono uwe mwepesi zaidi."

Fundi wa pikipiki wa steji alifunga nyaya zote na kuzipima. Kisha Bosibori akamwita Chrispine. "Njoo na kilomita arobaini kwa saa. Ukifika kwenye majivu, simama kwa breki ya nyuma tu, kama ulivyozoea."

Chrispine alikuja. Nyuma ya pikipiki ikachezacheza, vumbi likapanda. Bosibori alihesabu hatua kutoka kwenye majivu hadi aliposimama. Ishirini na nane.

"Sasa zote mbili. Anza polepole."

Alijaribu kwa mwendo mdogo mara kumi. Pikipiki haikumpindua. Mwisho alirudi kwenye mwendo wa arobaini. Akabana. Gurudumu la mbele likaishika ardhi kama mtu anayeshika mkono wa ndugu yake. Pikipiki ikasimama, imenyooka.

Hatua kumi na tano.

Chrispine alishuka akazihesabu mwenyewe. Akazihesabu tena. Kisha akabaki amesimama kati ya hatua ya kumi na tano na ile ya ishirini na nane.

"Mwalimu," alisema, "yule ng'ombe alikuwa hatua ishirini."

Bosibori hakujua habari za ng'ombe. Chrispine akamweleza, na kumwambia kuhusu mtaro na plasta. Wale waendeshaji walitazama chini. Kila mmoja alikuwa na ng'ombe wake, au mbuzi wake, au mtoto wa mtu.

"Usikae chini kulia," Bosibori alisema. "Panda. Fanya mara ishirini leo na mara kumi kila siku wiki hii. Barabarani mwili hautangoja ufikirie. Utafanya ulichozoea."

Wiki hiyo Chrispine alifanya mazoezi kila alfajiri, uwanja ukiwa mtupu. Lorine aliambiwa na jirani. Hakumsifu mumewe. Alienda dukani, akanunua helmeti ya saizi ya Beverly, si ile ya abiria inayozunguka kichwani kama sufuria.

Jumapili ya pili alimshika Beverly mkono. "Twende tukaone."

"Sipandi, Mama."

"Nani amesema upande? Nimesema tukaone."

Walisimama pembeni ya uwanja. Bosibori alikuwa ameshika dumu tupu la maji. Chrispine alikuja kwa mwendo. Bila kumwonya, Bosibori alilisukuma dumu likabiringika mbele yake.

Beverly alifumba macho.

Hakusikia kishindo. Alipofumbua, pikipiki ilikuwa imesimama. Kati ya gurudumu na dumu palikuwa na nafasi ya kiganja.

"Uliangalia wapi?" Bosibori alimuuliza Chrispine.

"Mbele, njiani. Sikuliangalia dumu."

"Vizuri. Ukikodolea macho kitu unachokiogopa, utakigonga."

"Rudia," sauti ndogo ilisema.

Wote waligeuka. Alikuwa Beverly.

Chrispine alirudia. Dumu lilibiringika kutoka kulia. Akasimama.

"Tena."

Likabiringika kutoka kushoto. Akasimama. Beverly alimfanya arudie mara tisa. Jasho lilimtiririka Chrispine ndani ya helmeti, lakini hakulalamika. Mara ya tisa Beverly alienda mwenyewe akaliokota dumu. Aliligeuza pande zote, akatafuta mahali palipobonyea. Hapakuwapo.

Akamrudishia Bosibori. Jumatatu asubuhi alimaliza uji, akavaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu, akapanda.

"Usiongee njiani, Baba," alisema. "Endesha."

Chrispine hakuongea. Lakini Beverly mwenyewe, baada ya kilomita moja, alianza kumsimulia habari za mwalimu wa hesabu aliyeketi juu ya wino. Aliisimulia mpaka karibu na vibanda vya soko, mahali ambapo lori lilikuwa limeegeshwa.

Mwanamke mwenye beseni la samaki wadogo wa omena kichwani alitokea ghafla mbele ya lori hilo.

Chrispine hakufikiria. Vidole vilibana, mguu ukakanyaga, macho yakabaki njiani. Pikipiki ilipunguza, ikapunguza, ikasimama, imenyooka kama uzi. Mwanamke alibaki wima mbele ya gurudumu. Hakuna omena hata mmoja aliyeanguka. Alilitazama gurudumu, kisha miguu yake, kisha gurudumu tena.

"Umesimama aje wewe?" aliuliza.

Chrispine alimwashiria avuke. Mwanamke alivuka, akasimama ng'ambo, bado akiwatazama.

Mgongoni kwake Chrispine alihisi helmeti ndogo ikijiondoa.

"Pole, Baba, nimekugonga," Beverly alisema. "Sasa yule mwalimu, si akainuka aandike ubaoni? Darasa lote tukaona suruali..."

Chrispine alitazama kulia na kushoto. Akaingiza gia ya kwanza.