Ngamia Wanne wa Mzee Mahat

Kila asubuhi Khadra alimshika mkono mdogo wake Hani, wakapita kando ya soko la mifugo la Garissa mpaka shuleni. Hani alikuwa na miaka minane, na alikuwa kiziwi. Khadra alijitolea kusaidia katika darasa lake la watoto wasiosikia. Ishara alizozijua zilikuwa chache, na Hani, mtundu yule, alimcheka kila alipokosea.

Lakini mwakani mwalimu wa darasa angestaafu. Bila mwalimu mwenye cheti cha elimu maalumu, darasa lingefungwa na Hani angerudi kukaa nyumbani. Chuo kilikuwa kimemkubali Khadra. Karo ndiyo iliyokosekana, kwa hiyo aliomba basari ya kaunti. Akanyimwa. Alilia mpaka chai ikampoa mkononi.

Akaenda ofisi ya elimu kuuliza kosa lake. Afisa mmoja mpole, Abdinasir, alifungua faili.

"Walaal, dada yangu, fomu inasema baba yako ana ngamia arobaini. Mwenye ngamia arobaini anaomba basari ya nini?"

Khadra aliinama kuisoma fomu. Sehemu ile ya mali aliijaza baba yake, Mzee Mahat, kwa mkono wake. Arobaini! Ukame uliwaachia wanne tu. Wale wengine ni wa binamu zake, yeye anawachunga. Lakini mfugaji gani atatamka mbele za watu kwamba amebakiwa na wanne? Afadhali aseme hana meno.

Abdinasir alimweleza kwamba kukata rufaa hakulipiwi, na mwisho ni Ijumaa. Fomu iandikwe mali ya familia peke yake, si mifugo ya kuchungia wengine. Kisha chifu athibitishe kwa barua.

Nyumbani Mzee Mahat alinuna. Ngamia wa ukoo ni wake pia, alisema, na kwa chifu hapakosi watu wa kusikiliza. Mkewe Ebla alikuwa akipima maziwa ya kuuza. Hakuinua hata kichwa.

"Mahat, mficha uchi hazai. Maziwa ya hao wanne nayauza kila siku. Nawajua kwa majina."

Mzee alimtazama Hani, aliyekuwa akimfundisha dada yake ishara mpya. Kisha akachukua bakora yake.

Kwa chifu walikuwapo wazee watano wakinywa chai. Mzee Mahat alikohoa mara mbili.

"Andika wanne," akasema. "Wengine si wangu."

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alisema wake ni wawili, akaongezewa chai.

Basari ikatoka. Baada ya mwaka mmoja Khadra alirudi na cheti, akalishika darasa, na watoto wengine sita wakaletwa na wazazi wao. Siku ya wazazi Hani alisimama mbele ya umati, akamuuliza baba yake kwa ishara: ngamia wetu ni wangapi?

Mzee Mahat aliinuka. Akanyoosha vidole vinne juu kabisa, ili hata waliokaa nyuma wavione.