Nyimbo Kumi na Moja za Mama Husna

Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, saa nne asubuhi, kila duka la spika lina wimbo wake na hakuna linalolipisha jingine. Badria alisimama mbele ya duka la Mama Harshida, ndani ya dera la zambarau na raba nyeupe pee, viatu ambavyo ni mtu anayejiamini sana tu huenda navyo Kariakoo. Alikuwa ameunganisha simu yake na spika aliyoitamani ili aisikie kabla ya kutoa pesa.

Wimbo wa kwanza ukapiga vizuri. Wa pili ukakwama katikati ya kiitikio. Wa tatu haukuanza kabisa, bando lilikuwa limekata. Halafu listi ikaruka yenyewe, na sauti ya mwanamke ikajaa mtaani, ya zamani, yenye mikwaruzo, kinanda kikiwa mbali na mtoto akilia karibu.

"Dada, listi yako kama nyumba ya Kariakoo," alisema kijana aliyekaa kibarazani, nyuma ya meza ya kioo iliyojaa flashi na memori kadi. "Vyumba vingine umepanga, vingine vyako."

"Unasemaje?"

"Za mtandaoni umepanga. Bando likikata, mwenye nyumba anakutoa. Huyu mama anayeimba sasa hivi ni wako. Faili liko kwenye kadi yako."

Badria alitaka kumkaripia, akajikuta anacheka. Kijana alikuwa amevaa shati la drafti lililopigwa pasi mpaka kwenye vifungo, na mtu anayepiga pasi namna ile ili akauze flashi kwenye vumbi anastahili angalau jina lake liulizwe.

"Twaha," alijibu. "Najaza watu nyimbo. Siku hizi wengi wanasikiliza mtandaoni, kwa hiyo nawapangia na listi. Wewe je?"

"Napiga muziki kwenye shughuli za wanawake. Singo, kitchen party. Kumbi ambazo wewe huruhusiwi hata kuchungulia."

"Sasa nitakusikiliaje?"

"Ndiyo hivyo, pole."

Alinunua spika na Twaha akambebea hadi kwenye bajaji. Kabla bajaji haijaondoka namba za simu zilikuwa zimeshabadilishwa, na Mama Harshida, aliyempa Twaha kibaraza kwa sababu muziki wake unamuuzia spika, alikuwa ameshatabasamu peke yake.

Kuanzia hapo simu ya mchana haikukosekana.

"Umekula, mrembo?"

"Ndiyo nakula. Wali maharage."

"Bila mimi?"

"Kwani wewe mboga?"

Twaha alicheka mpaka wateja wakamgeukia. Alimfundisha Badria asihamishe folda ovyo, maana programu ya muziki inakumbuka mahali faili lilipo tu, ukilihamisha jina linabaki na rangi ya kijivu na wimbo hauimbi. Alimfundisha namna ya kuchanganya za kupanga na za kwake ili bando likikata wacheza ngoma wasijue. Badria alimpenda kwa uvumilivu huo. Alimpenda pia kwa mambo mengine ambayo hakumwambia mtu, hata shangazi yake Sitara.

Lakini kuna jambo alilomficha na yeye. Yule mwanamke mwenye mikwaruzo alikuwa mama yake, Husna, aliyeimba kwenye kikundi cha taarabu cha Mchikichini na kufariki Badria akiwa na miaka tisa. Kaseti zake zilichukuliwa na maji nyumba yao ya Jangwani ilipofurika. Zilibaki nyimbo kumi na moja zilizokuwa zimewahi kuhamishiwa kwenye simu. Badria hakumpa mtu nakala, kwa kuwa Kariakoo ukitoa wimbo asubuhi, jioni uko kwenye kila flashi. Twaha alipouliza, alijibu, "Mwimbaji tu wa zamani wa mtaani kwetu." Hakutaka kulia mbele ya watu.

Alhamisi alimwachia Twaha simu aipange listi vizuri. Jumamosi alikuwa na shughuli kubwa kuliko zote alizowahi kupata, singo ya Najma, bibi harusi ambaye ndugu na marafiki zake wanajaza ukumbi mzima wa Ilala. Ijumaa aliichukua simu, akafika nyumbani, akabonyeza wimbo wa mama yake. Ikatoka sauti nyingine, safi, ya mwanamke asiyemjua. Akabonyeza wa pili, kisha yote kumi na moja. Dakika arobaini baadaye alikuwa Aggrey, mtandio umemshuka mabegani.

"Twaha, mama yuko wapi?"

"Mama gani, mpenzi?"

"Nyimbo za zamani! Zenye mtoto analia!"

"Aah, zile?" Uso wa Twaha ukang'aa, masikini. "Nimekusafishia. Nimezitafuta, kikundi chake kilirudia kuzirekodi studio, zote zimo mtandaoni. Nimekuwekea hizo, zile za makelele nikafuta. Sikia gitaa hilo!"

"Yule mtoto ni mimi," alisema Badria taratibu. "Anayeimba ni mama yangu. Walipokwenda studio alikuwa ameshafariki."

Twaha alisimama nyuma ya meza yake.

"Umemfuta mama yangu ili usikie gitaa."

Akaondoka. Alimfungia Twaha kwenye simu, akaitupa simu kwenye droo, akalala na shangazi yake kama alipokuwa mtoto, akalia bila kueleza.

Kesho yake saa sita mchana, macho yamevimba lakini wanja umekaa sawa, Badria alikuwa ukumbini akifunga nyaya. Shughuli ingeanza saa kumi. Mtandao pale ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo aliamua kupakua nyimbo zote za mtandaoni kwenye kadi mapema. Alizichagua zote mia na arobaini. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye kitufe aliposikia purukushani mlangoni.

"Kaka, hapa wanaume hawaingii!" Ilikuwa sauti ya Leticia, mlinzi wa mlango.

"Siingii! Badria! Badria, usipakue kitu!"

Twaha alikuwa amejitokeza kwenye nondo za dirisha, shati halijapigwa pasi.

"Nenda zako," alisema Badria. "Sina msamaha leo."

"Usinisamehe! Nakwambia usipakue! Nimepiga simu tangu jana, umenifungia. Faili likifutwa haliondoki siku hiyo hiyo. Kadi inafuta jina, mahali pake panabaki. Ukipakua nyimbo mpya, zinakwenda kumkalia mama yako juu. Umeweka chochote tangu jana?"

"Simu ilikuwa kwenye droo."

"Alhamdulillahi. Itoe kadi. Itoe sasa hivi, halafu ndipo unitukane."

Badria alivua hereni, akatoa kadi kwa ncha yake. Twaha alinyoosha mkono kupitia nondo, lakini Badria akaifumbata.

"Haitoki mkononi mwangu. Tunaenda wote."

Mama Harshida alipoambiwa kilichotokea, alizima spika zote za dukani, jambo ambalo Aggrey haikuwa imewahi kulishuhudia. Twaha akaichomeka kadi kwenye kompyuta, akaifungulia programu ya kufukua mafaili yaliyofutwa. Mafaili yakaanza kurudi kwa mamia, ila bila majina, namba tupu. Hakukuwa na njia ya mkato. Walivaa kila mmoja upande mmoja wa earphone, wakasikiliza moja moja.

"Siyo. Siyo. Siyo," alisema Badria. Kisha akamshika Twaha mkono. "Huyu."

Kinanda cha mbali. Mtoto analia. Mama Husna anaimba, na katikati ya ubeti anasema kwa haraka, "Jamani nipokeeni mwanangu," watu wanacheka, anaendelea kuimba.

Twaha alifuta macho kwa mkono wa shati. "Niliambiwa makelele na masikio yangu mwenyewe. Faili la mtu unauliza kwanza, hiyo ndiyo kazi yangu, na mimi nilikuuliza nusu."

"Na mimi nilikujibu nusu." Badria alivuta pumzi. "Andika jina. Nitakutajia."

Akataja, Twaha akaandika. Saa tisa na robo zilikuwa zimerudi nyimbo kumi nzima, na wa kumi na moja ukakatika katikati, hautaki zaidi. Twaha alinakili zote kwenye flashi mbili, akampa zote mbili. Badria alimrudishia moja.

"Hii kaa nayo wewe."

"Una uhakika?"

"Usiponiuliza tena ndiyo nitaanza kuwa na wasiwasi."

Saa moja kasoro, baada ya nyimbo za kisasa kuwachosha wasichana, Badria aliingiza wimbo wa mama yake pamoja na mikwaruzo yake yote. Wanawake wa makamo wakaangaliana. "Husna huyo!" mmoja akapiga kelele, na wote wakasimama, leso juu, noti zikamwagika mezani kwa Badria, vigelegele vikatoka hadi barabarani. Badria aliuacha wimbo hadi mwisho. Kisha akauweka tena, na hakuna aliyelalamika.

Twaha alikuwa amekaa ngazini nje, huko huko anakoruhusiwa. Mlango ukafunguliwa, akatoka Shangazi Sitara, mmoja wa waalikwa, aliyekuwa ameshasimuliwa yote, gauni la kitenge limemkaa, jasho la ngoma linamtoka, Badria nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyemfuta wifi yangu?"

Twaha akasimama. "Shikamoo, shangazi. Ni mimi."

"Marahaba. Na ndiye uliyemrudisha?"

"Ni mimi. Ila wimbo mmoja umerudi nusu. Nimejaribu kila kitu."

"Nusu iliyobaki ninayo mimi kichwani. Nilikuwa naitikia nyuma yake." Alimtazama kuanzia viatu hadi shati lililokunjamana. "Nitaiimba siku ya harusi ya huyu. Kwa hiyo barua ya posa ije kesho baada ya alasiri, iletwe na watu wazima. Usitume kwenye simu."

"Shangazi!" alisema Badria.

"Nini? Nimekosea?"

Badria alimtazama Twaha, aliyekuwa anajinyoosha shati kwa viganja. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Hujakosea, shangazi. Lakini iwe baada ya magharibi, nataka na mimi nipige pasi nguo."

Alirudi ndani kwenye spika zake, watu wakimwita. Twaha alitoa simu, akampigia baba yake mdogo Mbaruku.

"Ba'mdogo, shikamoo. Kesho una nafasi? Hapana, siyo msiba. Tafuta kanzu."