Jina Lililorukwa

Saa saba mchana, nyumbani kwake Kiplombe, Jerop alisikia mtu akisugua kibuyu jikoni. Kwaru, kwaru, kwaru. Alikuwa amelala na mtoto wa siku tisa aliyekataa kunyonya, na nyumba hiyo haikuwa na kibuyu. Wao walikunywa maziwa ya pakiti.

Akaenda kuangalia. Jiko lilikuwa tupu. Gesi ilikuwa imezimwa, lakini palinuka mkaa ule ambao wazee husugulia vibuyu vya mursik, maziwa ya mgando.

"Toa hiyo harufu," alisema mama mkwe wake, Priscah, aliyekuja kutoka kijijini kwake, Ziwa, kumpa mtoto jina. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Niitoe wapi, Mama? Si mimi nimeiweka."

Kliniki walimpima mtoto mara mbili wakasema hana kitu. Tangu jana alikuwa amemeza matone ya kijiko tu, na utosi ulianza kubonyea. Jerop hakuwa na machozi tena. Alikuwa na matiti yanayouma na shati la shule la Kiplimo, kifungua mimba wake, likiloa kwenye beseni.

Priscah akaanza kuita. Ndivyo wafanyavyo kwao: mtoto hunusishwa ugoro kidogo, majina ya marehemu yanatajwa, na jina atakalolipigia chafya ni la yule aliyemrudia. Aliita nyanya, akaita mashangazi, akaita hata wa kwa kina Jerop. Mtoto alitazama dari tu. Jikoni, kwaru, kwaru.

"Kuna mtu umemruka, Mama."

"Hakuna."

"Mama."

Priscah aliketi ukingoni mwa kitanda. "Kulikuwa na mkunga," alinong'ona. "Shangazi ya mzee wangu. Kwanza tulisema ana mkono mzuri, ng'ombe wake hawakauki. Halafu tukasema ana mkono mzito. Halafu jicho baya. Siku hizi watoto wa Ziwa wanaambiana alikuwa anapanda fisi. Alikuwa na punda, Mama Kiplimo. Punda tu."

"Nani alianza?"

"Nilikuwa nimezika mtoto wangu wa kwanza. Niliuliza tu, mbele ya wanawake: mbona watoto wanafia mikononi mwake? Niliuliza tu. Wanaume wakamalizia, wakachoma nyumba. Alikuja kwangu kwa mvua na kibuyu chake, akabisha. Sikufungua. Asubuhi tulimkuta kwa mahindi, amekufa. Mchawi haitwi jina. Ukimwita, anarudi."

Sasa kule kusugua kulikuwa kumetoka jikoni, kukapita sebuleni polepole kama mtu mzee anayeshika ukuta, kukafika nyuma ya pazia la chumba, na harufu ya mkaa na maziwa yaliyolala ikajaa hadi kooni, na jua lilikuwa bado linawaka dirishani, na jirani alikuwa bado anaanika nguo, na mtoto akaanza kufungua na kufunga mdomo bila sauti, kama samaki.

"Anaitwa nani?" Jerop aliuliza.

"Usinifanye nimwite."

"Na arudi! Mimi nataka mtoto anyonye. Anaitwa nani?"

Priscah alifunika uso. "Tapkigen."

Mtoto alipiga chafya. Akageuza kichwa, akalitafuta titi, akavuta kwa nguvu hata Jerop akauma meno. Nyuma ya pazia kukawa kimya.

Priscah hakumaliza chai. Kufika saa moja jioni alikuwa kwake Ziwa, na simu ikalia.

"Mama Kiplimo, mtoto ako wapi?"

"Ako hapa. Ananyonya."

"Basi ni nani anasugua kibuyu nje ya mlango wangu?"

Jerop alimtazama mtoto. Alikuwa ameachia titi, macho wazi, ameielekea simu. Alikuwa anasikiliza.

"Mfungulie, Mama," Jerop alisema. "Safari hii mfungulie."

Akakata simu. Shati la Kiplimo lilikuwa bado kwenye beseni, na kesho ni shule.