Kifo cha Mlinzi wa Bwawa

Maiti ya Eliya ilielea kifudifudi kwenye maji ya kina cha magoti, mguu mmoja umenasa kwenye kamba ya boti. Inspekta Tulinagwe alisimama juu ya tuta la udongo akaitazama, kisha akalitazama bwawa lote. Jumapili mahali hapa hujaa watu wa Kyela mjini wanaokuja kuogelea na kula samaki wa kuchoma. Leo ilikuwa Jumatano. Viti vya plastiki vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza, na hapakuwa na sauti ila ya upepo kwenye migomba.

Mwenye bwawa, Mzee Hezroni, ndiye aliyepiga simu kituoni. Alieleza kwamba jana jioni mlinzi wake alikwenda kufunga boti, bila shaka akateleza, akazama. Yeye amemkuta asubuhi. Alieleza bila kuinua macho.

Bwawa hilo, nje kidogo ya Ipinda, alilichimbisha alipostaafu, wajukuu wapate pa kuchezea. Walikuja mara moja, wakapiga picha, wakarudi mijini kwao. Kisha mkewe akafariki. Akabaki yeye na Eliya.

Konstebo Aliko aliona ni ajali. Tulinagwe alizunguka tuta akikagua. Marehemu alikuwa na jeraha kisogoni, na kwenye mawe ya njia ya kutolea maji ya ziada, mbali na boti, kulikuwa na damu iliyokauka. Uchunguzi wa daktari ukamaliza ubishi: Eliya hakufa maji. Alikuwa maiti kabla ya kuingia bwawani.

Mchana binti wa marehemu, Tupokigwe, akafika kutoka Matema. Alisema baba yake alikuwa ahamie kwake leo. Jana alimpigia simu akamwambia ameshafungasha kila kitu, hata redio. Amebakiza kumuaga mzee tu.

Tulinagwe akaenda kwenye kibanda cha mlinzi. Shati lilining'inia msumarini. Redio ilikuwa dirishani. Blanketi limenyooshwa vizuri, na begi tupu limesukumwa uvunguni. Inspekta mwenyewe alikuwa amehamishwa vituo vingi, akiishi vyumba vya kupanga; chumba cha mtu anayeondoka alikijua. Hiki hakikuwa hivyo.

Alimkuta mzee barazani.

"Mzee, Eliya alikuwa anaondoka?"

"Nani kasema?"

"Binti yake. Begi lilikuwa limefungashwa. Nani alilifungua?"

Mzee akaanza kuinuka, akakaa tena.

"Hulazimiki kujibu," Tulinagwe alimwonya. "Ukisema lolote nitaliandika, na litatumika mahakamani."

"Nililifungua mimi."

"Kwa nini?"

"Kibanda kilikuwa kitupu. Sikuweza kukitazama."

Ndipo akasimulia yote. Alimkuta Eliya juu ya tuta, begi begani. Akamsihi angoje walau mpunga uvunwe. Eliya akamjibu kwa upole, "Ndaga, asante mzee, tumeishi vizuri. Lakini mtu huzeekea kwa watoto wake." Neno hilo likamchoma. Akalivuta begi, Eliya naye akavuta, na mzee akamsukuma kwa mikono miwili. Kichwa kikapiga mawe. Alimwita na kumwita, Eliya hakuitika. Mwishowe akamburuta hadi kwenye boti ili ionekane amezama, kisha akarudisha nguo zake kibandani, moja moja.

"Ulikusudia kumuua?"

"Nilikusudia abaki."

Tulinagwe aliandika maneno hayo, akafunga daftari, akainuka. Pingu hakuzitoa. Waliteremka pamoja mpaka kwenye gari la polisi, mzee akitembea taratibu bila kuligeukia bwawa. Mlangoni akasimama.

"Mwanangu, huko mahabusu nitalala peke yangu?"

"Hapana, mzee. Wamo watu."

Akatikisa kichwa kukubali. Akapanda mwenyewe, akajisogeza hadi mwisho wa kiti, akamwachia nafasi atakayekaa naye.