Kesi ya Wachuka Haimo Kitabuni

Jumamosi ile soko la Nyeri lilikuwa limejaa hadi kwenye mitaro. Theuri alisimama mbele ya rundo la sweta za mitumba, ameshika moja ya kijani, mikono yake ina wino mweusi mpaka viwikoni.

"Wewe, toa mkono kwa nguo yangu," mwenye rundo akasema. "Kwani unauza makaa?"

"Nachapa vitabu."

"Na hii umechapa nini sasa?" Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, leso ya manjano kichwani, gauni la maua limemshika vizuri kiunoni. "Angalia. Hiyo sweta ni yako."

"Hata hainitoshi."

"Utakonda."

Theuri aliinunua. Jumamosi iliyofuata alirudi baada ya kunawa mikono kwa mafuta ya taa, na yule muuzaji, Wachuka, akamcheka eti ananuka stovu. Mvua za Aprili 1996 ziliwakuta wakipika pamoja kila Jumapili chumbani kwa Wachuka, mtaa wa Skuta.

Theuri aliishia darasa la saba. Kazi yake ilikuwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye kiwanda kidogo cha chapa, na mwaka huo alikuwa akipanga kitabu cha wakili mzee aitwaye Hezekiah. Ripoti za kesi kubwa zilikuwa hazijachapishwa kwa miaka mingi, kwa hiyo mzee alizunguka makorti ya mlima mzima akikusanya hukumu mwenyewe.

"Jaji anaamua jambo hapa, hakimu wa kule hana habari," alimwambia Theuri. "Mwanamke wa Mwea anaanza upya kesi ambayo mwenzake alishashinda. Bila kitabu kila mtu anaingia kortini mikono mitupu."

Ukurasa wa arobaini na moja ulianza na jina la Wachuka.

Theuri alidhani ni mwingine, akaendelea kupanga. Herufi kwa herufi akajua kwamba Wachuka aliwashinda kaka zake kortini, akapewa sehemu ya shamba la baba yao. Akajua pia kwamba aliwahi kuolewa miaka sita, akarudishwa kwa sababu hakuzaa. Kaka zake walimleta yule mume kuyaeleza hayo mbele ya watu, mpaka mambo ya kitandani, na jaji aliyaandika yote. Yeye Wachuka alikuwa amemwambia Theuri hakuwahi kuolewa.

Wiki mbili hakwenda Skuta. Wachuka akamfuata kiwandani.

"Umepata mwingine?"

"Sijapata." Akampa karatasi za ile kesi.

Wachuka alisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akakaa juu ya robota la karatasi.

"Ulinidanganya," Theuri akasema.

"Nilikudanganya. Ungekaa na mimi ukijua?"

"Ningekaa."

"Basi toa hiyo kitu. Nakala yangu niliichoma siku ile nilipewa. Watu wa soko watasoma, Theuri. Kama unanipenda, toa."

"Mzee anasema itasaidia watu."

"Na mimi si mtu?"

Theuri akaiondoa. Mahali pake akaweka kesi ya mpaka wa shamba ambayo mzee alikuwa ameikataa. Hezekiah alikuwa haoni vizuri, na prufu ya mwisho, karatasi za kusahihishia, hakuisoma. Kitabu kilitoka Septemba. Jumapili hiyo Wachuka alichinja kuku. Miezi mitatu iliyofuata ndiyo Theuri anayoitaja mpaka leo akiulizwa kama aliwahi kuwa na furaha.

Desemba simu ya kiwandani ililia. Wachuka alikuwa kwenye kibanda cha simu Kangema, sarafu zikianguka moja baada ya nyingine.

"Theuri, ni Anita." Anita alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, walilelewa pamoja, na sasa kaka zake Anita walitaka kumtoa kwenye shamba la majani chai la marehemu baba yao. "Kesi ilikuwa leo. Nikamwambia hakimu mimi nilishinda kesi kama hii. Akauliza iko kitabu gani. Aliuliza vizuri, alitaka kusaidia. Alikuwa na kitabu ya mzee hapo mezani. Akatafuta majina yote, na mimi nikimwangalia."

"Mwambie angoje, nilete nakala ya mzee."

"Ameshaamua. Anita anatoa godoro sasa hivi." Sarafu ikaanguka. "Kwa nini ulinisikiliza?"

"Si ulisema kama nakupenda."

"Nilikuwa naona haya. Wewe ulikuwa umeisoma yote, ulijua ni ya nini."

Simu ikakatika.

Theuri alienda kwa mzee akakiri. Hezekiah akasema Anita akate rufaa, na kwamba rufaa huchukua miaka.

Januari Wachuka aliingia kiwandani, koti refu la kijivu, midomo imepasuka kwa baridi.

"Ichape. Peke yake, kijitabu, Anita aende nacho kwenye rufaa. Jina langu lote."

Theuri alipanga siku mbili. Siku ya tatu Wachuka akaja kusoma prufu.

"Tukimaliza twende Skuta, nipike," Theuri akasema.

"Chumba nimerudisha. Naenda kukaa na Anita Mwea, amepata kibarua ya mpunga."

"Nitakuja kukuona."

"Usikuje. Sina hasira na wewe, mpenzi. Lakini nikikuona namwona yule mwanamke aliomba kesi itolewe, na huyo siwezi kukaa na yeye nyumba moja."

Akaendelea kusoma, kidole kikifuata mistari. Kikasimama.

"Hapa umeruka."

"Hiyo haina maana kwa kesi."

"Ni yale ya kitandani. Jaji aliandika. Rudisha."

Theuri hakusogea. Wachuka akamsomea mstari huo kutoka kwenye nakala ya mzee, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sweta. Theuri akapanga herufi. Ulipokamilika Wachuka aliusoma tena hapo hapo kwenye herufi za risasi, kinyumenyume, akaitikia kwa kichwa, akafunga koti, akaenda zake stendi.

Theuri akapaka wino, akaanza kuchapa, maana Anita alikuwa akingoja.